Mashine Mbili za Daftari la Damu

Wodi ya Macho,
4 Machi

Shemeji,

Usinikunjie uso. Najua niliondoka bila kuaga, lakini daktari alipochungulia jicho langu la kushoto alinipandisha gari la wagonjwa saa ile ile, hata shati la kubadilisha sikuchukua. Wamenipasua. Sasa wametia hewa ndani ya jicho na nimeamriwa kulala kifudifudi ili hewa hiyo ikandamize utando uliobanduka. Hapa naandika karatasi ikiwa sakafuni, mkono unaning'inia kitandani. Simu zinakusanywa mlangoni na skrini ya aina yoyote ni marufuku kwa wiki nane. Kinachoruhusiwa ni barua, na basi la asubuhi ndilo linazibeba.

Jicho si tatizo. Tatizo ni mashine ya daftari la damu, ile aliyoitengeneza marehemu kaka. Wiki iliyopita imejizima yenyewe mara tatu. Ikifa, hatutajua nani katika mji huu ana damu gani. Wewe ndiye karani wake, unajua kwamba mifuko yetu ya damu imebandikwa nambari tu. Kundi lenyewe tunalisoma daftarini. Na binti yenu anajifungua mwishoni mwa mwezi wa nne. Uzazi wa kwanza alitoka damu mpaka sote tukakata tamaa. Damu yake ni O hasi, na wenye damu hiyo kwenye daftari lote ni wanne: yeye mwenyewe, yule mama mwingine mjamzito, mzee wa presha, na yule aliyehama. Daftari lazima liwe hai, na wa tano apatikane kabla ya siku yake.

Sasa sikiliza. Stoo kuna kreti imefika. Ndani yake mna seva kubwa, kazi yake ni kuwa mwenyeji, yaani mashine moja inayobeba ndani yake mashine nyingine zisizo na mwili. Sisi mafundi tunaziita mashine pepe. Ichukulie kama nyumba ya kupangisha: paa moja, kuta zile zile, lakini kila mpangaji ana mlango wake. Daftari la damu litakuwa mpangaji wa kwanza, baadaye duka la dawa, kisha mishahara. Hapo hospitali itakuwa na wingu lake yenyewe, yaani hifadhi ya mashine pepe zake, halimtegemei mtu. Mganga Mkuu anataka tumsubiri fundi wa makao makuu, mwezi wa saba. Mwezi wa saba, Shemeji! Nimemwandikia kwamba utaifanya wewe.

Mwambie binti apunguze kutafuna barafu.

Shemeji yako,
Fundi


Masjala ya Damu,
9 Machi

Shemeji Fundi,

Pole sana kwa jicho. Hiyo ndiyo pole yako, umeshaipata, sasa nikukaripie. Yaani wewe umelala kifudifudi huko, halafu unanipangia kazi? Mimi ambaye printa ikikwama nakuita wewe?

Haya, kreti tumeifungua. Mlinzi alishika upande mmoja, seremala upande mwingine, mimi nikashika roho yangu. Uzito wake si wa kawaida. Tumeiweka kwenye iliyokuwa stoo ya mashuka, ile yenye kiyoyozi, nikaondoa mito yote na kupiga deki mara mbili. Mlinzi aliuliza kama ni friji ya maiti. Nilipochomeka nyaya zote mbili za umeme ilinguruma tukakimbilia nje sote watatu, na mimi ndiye niliyetangulia.

Mganga Mkuu alipita akasimama mlangoni. "Mama, una hakika?" Nikamwambia nina shemeji. Hakuuliza tena.

Sasa inaniuliza maswali kwa maandishi meupe na mimi sielewi hata moja. Inataka kujua ijiweke kwenye diski ipi, na diski ziko sita. Inataka anwani. Nikaiandikia ya hospitali, pamoja na sanduku la posta. Imekataa. Nimeiacha hapo hapo, inanitazama na mimi naitazama.

Binti hajambo. Miguu imevimba, hasira ziko juu, barafu bado anatafuna. Mimi nikimwangalia tumbo nahesabu wiki. Naogopa, Shemeji, sikufichi.

Shemeji yako,
Karani


Wodi ya Macho,
14 Machi

Shemeji mpendwa,

Nimecheka mpaka nesi amekuja kunituliza. Anwani inayotakiwa ni ya tarakimu na nukta, iko kwenye karatasi niliyobandika ndani ya mlango wa kabati langu, mstari wa kwanza.

Fuata hivi. Izime, iwashe, na kabla haijaanza maneno yake bonyeza kitufe cha pili kutoka juu kushoto mpaka ikufungulie ukurasa wa bluu. Humo tafuta pale panapoiruhusu kubeba mashine nyingine, pamefungwa, pafungue. Bila hapo itakuwa na nguvu zote na haitabeba hata mpangaji mmoja. Kisha diski: zipange mbili mbili, kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe na kwenye mwenzake, ili moja ikifa tusilie. Halafu endelea, kila inapouliza ukubali ilichopendekeza.

Ikishasimama, weka ile diski yangu yenye utepe wa kijani. Itanakili mashine ya zamani nzima, na maneno yake na tabia zake, na kuifanya mashine pepe. Nakala hiyo itakuwa na jina lile lile na anwani ile ile, ili sista kule wodi ya wazazi na Mama Maabara wasibadilishe kitu chochote kwenye kompyuta zao. Kwa hiyo ZIMA YA ZAMANI KWANZA, chomoa waya wake wa mtandao, NDIPO uwashe mpya. Zisiwe hai zote mbili hata kwa dakika moja. Usiniulize sababu, karatasi inakwisha.

Jicho linaendelea vizuri sana.

Shemeji yako,
Fundi


Masjala ya Damu,
20 Machi

Shemeji Fundi,

Piga vigelegele huko kifudifudi! Imewaka!

Kunakili kulichukua siku nzima ya kazi. Ilifika asilimia tisini na tisa ikagoma hapo saa nzima, na mimi nikagoma nayo, siendi haja, sili. Mama Maabara ndiye aliyeniletea chai, akavuta kiti tukakaa wawili tunaitolea macho. Rafiki ni yule, wengine ni wapita njia. Ilipomaliza, nikawasha mashine pepe, nikafungua daftari kwenye meza yangu, na watu wote wako ndani, elfu mbili mia mbili na tisa, hakuna aliyepungua. Sista akapiga simu kutoka wodini: na kwake linafunguka. Mganga Mkuu amekuja kunipa mkono mbele ya watu.

Nimefanya yote kama ulivyoandika.

Jambo moja tu. Mwandiko wako wa barua ya kwanza ulikuwa wa kuku, kama siku zote. Hii ya pili imenyooka, koma zake zimekaa mahali pake. Umeingia darasa gani huko?

Shemeji yako,
Karani


Masjala ya Damu,
29 Machi

Shemeji,

Wa tano amepatikana, na amepotea. Nieleze mwenyewe maana mimi kichwa kimegoma.

Jumatano Sista alinipigia simu anahema. Kuna mwalimu wa hesabu, mkewe amejifungua wodini kwake, wakampima na mume, O hasi! Akasema yuko tayari kutoa siku yoyote akiitwa. Sista alitaka kuandika simu yake kwenye kikaratasi, nikamkaripia. Unanijua, miaka kumi na tisa napigana na vikaratasi: kila kitu daftarini. Akamwandika daftarini, nambari 2217, pamoja na simu yake. Nikakata simu nikacheza pale pale kwenye kiti.

Nafungua daftari langu: linaishia 2215. Nampigia Sista, ananiambia, "Mbona namwona hapa?" Natoka, nashuka korido, nafika kwake: kweli, mwalimu yupo. Narudi kwangu: hayupo. Kesho yake asubuhi yupo kwangu. Mchana hayupo tena. Nimekwenda na kurudi ile korido mpaka mfagiaji akaniuliza nimepoteza nini. Nikamjibu nimepoteza mwalimu wa hesabu. Tangu hapo ananipisha njia.

Na si yeye peke yake. Mama Maabara anasema ameandika mifuko minne, kwangu naona miwili. Sista anaona mtu niliyemfuta. Nimeizima seva nikaiwasha, siku moja ikatulia, kisha yale yale. Jamani, tumejenga nini kwenye stoo ya mashuka?

Zimebaki wiki nne.

Karani


Wodi ya Macho,
2 Aprili

Shemeji,

Barua yako imenichanganya kuliko dawa wanazonipa. Mashine pepe haina tabia hiyo. Ama inaona kitu au haikioni, haibadilishi mawazo kama mtu.

Nimewaza saa ya seva. Iangalie, kama iko nyuma irekebishe. Nimewaza kile kisanduku kinachogawa nyaya za mtandao. Kizime dakika tano ukiwashe. Nimewaza diski, lakini diski ikifa kuna taa nyekundu na wewe hukunitajia taa.

Kama yote hayo ni mazima, basi, Shemeji, niwie radhi kwa nitakalosema: mashine hazifuti, watu ndio hufuta. Nani mwingine ana nenosiri la kufuta? Nakumbuka nilimpa Mama Maabara. Mnyang'anye kwa muda, tuone.

Ya zamani si uliizima? Naam, umeshaniambia. Basi angalia hayo mengine.

Fundi


Masjala ya Damu,
7 Aprili

Shemeji,

Saa iko sawa. Kisanduku nimekizima na kukiwasha. Taa zote ni za kijani. Nenosiri nimemnyang'anya Mama Maabara, na sasa hatusemeshani. Alinitazama tu, akavua glavu, akaniambia, "Kwa hiyo mimi ndiye mwizi wako?" Tangu siku hiyo tunaandikiana kwenye karatasi kama watu wa mahakama mbili. Roho inaniuma lakini nimejikaza.

Ila leo nina habari njema. Asubuhi mwalimu amerudi kwenye daftari langu: 2217, O hasi. Nikasema kabla hajapotea tena niende kwenye friji. Shemeji, mfuko wa 2217 upo! Kumbe alishakuja akatoa damu na hakuna aliyenipa taarifa. Nikaushika kwa mikono yangu miwili. Nikaandika karatasi: "Mfuko huu uwekewe binti yangu." Mama Maabara akarudisha majibu: "Nitapima kwanza." Yaani ananipimia daftari langu! Nimeudhika, lakini mwache apime, damu ya mwanangu imepatikana.

8 Aprili. Barua sikuwahi kuipeleka kwenye basi, naiendeleza.

Amepima. Alichukua tone la mfuko akalichanganya na tone la binti, na damu ikaganda vidonge vidonge palepale kwenye kioo. Akaniita nione. Ile damu si O hasi. Ni A chanya, ya dobi mmoja aliyekuja kutoa damu maabara siku ile ile ya mwalimu. Kwenye daftari la maabara 2217 ni dobi. Kwenye daftari la wodini 2217 ni mwalimu. Nambari moja, watu wawili, daftari moja!

Ningemuua mwanangu, Shemeji. Kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu. Nimekaa kwenye sakafu ya maabara mpaka Mama Maabara akaninyanyua, na hakunisemesha hata hapo.

Nimepiga simu wodini kwenu mara nne. Nesi anasema wagonjwa hawapewi simu isipokuwa kuna msiba. Nikamwambia bado.

Nisaidie.

Karani


Wodi ya Macho,
12 Aprili

Shemeji,

Soma polepole. Nimekuuliza swali moja nikajijibu mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea. Sasa nenda kwenye ile mashine ya zamani. Usitazame skrini, skrini inaweza kuwa giza na mashine iko macho. Weka kiganja mgongoni pake. Kama ni baridi, mimi sijui tena kazi yangu. Kama ina joto, iko hai, na imekuwa hai siku zote hizi. Nilizipa zote mbili jina moja na anwani moja. Kompyuta ya wodi ikiuliza "daftari la damu liko wapi?" zote mbili zinaitika "niko hapa", na inayowahi ndiyo inayoandikiwa. Saa nyingine inawahi hii, saa nyingine ile. Kila moja inaendelea kugawa nambari kivyake. Ndiyo maana 2217 wako wawili.

(Ukurasa wa pili)

Ukiikuta na joto, tafadhali USIIZIME. Chomoa waya wa mtandao peke yake. Ni kuukuu, ikizimwa huenda isiamke tena, na ndani yake kuna watu ambao hawako kokote kwingine, akiwemo mwalimu wako. Ukishachomoa, chapisha daftari la kila mashine tangu tarehe 20 Machi, mkae na Mama Maabara mlinganishe mstari kwa mstari. Na umwombe radhi kwa niaba yangu, tuhuma ile ilitoka kwangu.

Aliyegundua haya, kwa kuuliza "je, yule wa zamani alizikwa?", si mimi. Ni Mzee wa kitanda cha pili, karani wa mahakama aliyestaafu. Anasema maisha yake yote ameona kesi za namna hii, mtu mmoja ana hati mbili. Yeye ndiye ananisomea barua zako na kuniandikia zangu tangu ya pili, na mwandiko ulionisifia ni wake.

Fundi


Masjala ya Damu,
15 Aprili

Shemeji,

Nilisoma ukurasa wa kwanza nimesimama mlangoni. Sikungoja wa pili. Nilikimbia, nikaweka kiganja, ina joto. Nikaushika ule waya wa umeme nikaung'oa ukutani kwa nguvu zangu zote. Kisha nikarudi kwenye kiti nikasoma ukurasa wa pili.

Imegoma kuwaka. Nimejaribu, mlinzi amejaribu, yule wa kutengeneza redio sokoni amekuja na vifaa vyake. Imekufa, na imekufa na mwalimu wa hesabu.

Nilikudanganya. Nilikuandikia nimefanya yote, sikufanya yote. Siku ile nilikwenda kuizima, mkono ukafika kwenye kitufe. Wewe huenda umesahau, juu ya kitufe kile kuna utepe wa karatasi, kaka yako aliubandika kwa mkono wake: "USIZIME. NIULIZE KWANZA." Nimeupangusa vumbi utepe ule miaka minne tangu afe. Nikasimama pale, Shemeji. Nikajiuliza, nimuulize nani? Nikazima skrini tu, nikatoka. Nikajiambia mashine ambayo hakuna anayeigusa haina neno, imekaa tu, imelala. Sikujua kwamba inaitika.

Sasa nimeshaizima na sikumuuliza mtu, na nimeizima vibaya.

Binti tumbo limeshuka. Daktari anasema wiki moja, siku kumi zikizidi. Sina simu ya mwalimu, sijui shule yake, mkewe alirudi nyumbani na kadi yake, jina nililiona mara mbili likanitoka. Kama ningemwacha Sista aandike kwenye kikaratasi! Niambie la kufanya, na kama huna la kuniambia niandikie hivyo hivyo.

Na kwa nini unasomewa barua? Usinifiche.

Karani


Wodi ya Macho,
18 Aprili

Shemeji,

Nimekasirika, halafu nimelia, halafu Mzee amenipa maji. Yote hayo kabla ya chai.

Ule utepe naukumbuka kuliko wewe. Mwaka ule nilikuwa nimehamia kwenu, nikaichomoa mashine, ikiwa bado iko nyumbani, kaka akiwa kazini ili nichomeke redio nisikilize mpira. Kazi yake ya wiki mbili ikapotea. Hakunipiga, alibandika utepe. Uliandikwa kwa ajili yangu, Shemeji, haukuwa wako hata siku moja. Na mimi nilikuamuru uizime bila kukwambia sababu, kana kwamba naongea na kitufe. Ungejua sababu, ungeizima. Hili tuligawane nusu kwa nusu.

La kufanya: usiiamini mashine yoyote. Kila mfuko ulio kwenye friji upimwe upya kwa mkono. Mfuko ambao haujapimwa usitoke. Mwalimu mtafuteni kwa miguu, shule si nyingi. Mwambie Mganga Mkuu ukweli wote kabla hajauliza.

Jicho la kushoto limekwisha. Hewa waliyotia haikushika. La kulia nalo utando umebanduka, naona mwanga na watu kama vivuli. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unanitegemea, nikaogopa ukijua fundi wako haoni utaiacha kazi. Sijui mimi ni nani sasa nisipokuwa fundi. Mzee anaandika haya na ananiangalia kwa jicho la hukumu.

Fundi


Masjala ya Damu,
24 Aprili

Shemeji yangu,

Nilikwenda kwa Mganga Mkuu hata kabla barua yako haijafika. Nilimweleza yote nimesimama. Amenipa barua ya onyo kali, na kwa kuwa karani ni mimi, nimeipokea, nimeigonga muhuri, nimeilaza kwenye faili langu mwenyewe. Kazi hakunifukuza. Alisema, "Wewe angalau unajua kilichoharibika."

Kisha nikaenda maabara. Nilimwomba Mama Maabara radhi, yangu na yako. Akafungua friji, akatoa mfuko wa kwanza, akanisogezea kalamu: "Mimi napima, wewe andika." Mifuko thelathini na mmoja. Minne ilikuwa na nambari za watu wawili. Tulipomaliza akauliza, "Huyo mwalimu wako anavaaje?" Nikacheka na kulia kwa pamoja, hapo nikajua tumepatana.

Jumamosi hakukuwa na masomo, Jumatatu tukatoka. Shule ya kwanza mwalimu wa hesabu ni mwanamke. Ya pili mke wake hajazaa miaka kumi. Kiatu changu kikakatika, Mama Maabara akanipa kandambili zake za kazini, yeye akavaa changu kilichokatika, anakiburuta. Shule ya tatu tulimkuta ubaoni, chaki mpaka kwenye nyusi. Kabla hatujasema alisema, "Nyie ni wa hospitali? Nimepiga simu kwenu mara mbili kuuliza mbona siitwi. Nikaambiwa mtu kama huyo hayupo." Hayupo! Sauti iliyomjibu ilikuwa yangu, Shemeji. Alitaja jina tu, nikaangalia daftari nikamwambia mtu aliye hai kwamba hayupo. Nikamwomba radhi mbele ya wanafunzi wake. Aliwaachia zoezi, akaja nasi na chaki yake. Mama Maabara alimpima mara tatu, ndipo akamtoa damu mfuko mmoja.

Uchungu ulimshika binti juzi asubuhi. Saa sita mchana alijifungua, na damu ikaanza kutoka vile vile kama mara ya kwanza, ikalowesha shuka, ikafika sakafuni. Niliuona uso wake ukiwa mweupe wa kutisha. Mama Maabara akaingia amekumbatia ule mfuko kifuani, hakumpa mtu yeyote kuubeba, akausoma kwa sauti mbele ya Sista, wakausoma wote wawili, ndipo wakautundika. Nilisimama nahesabu matone. Sijui nilihesabu mpaka ngapi. Damu ikapungua, ikakata. Saa tisa alifumbua macho akaniuliza kama barafu ipo.

Yuko hai, Shemeji. Amezaa mtoto wa kike na wote wawili wazima.

Seva inanguruma peke yake kwenye stoo ya mashuka na daftari halijapoteza mtu tangu siku ile. Mganga Mkuu anataka tuhamishe duka la dawa wiki ijayo. Nimemwambia sigusi kitufe mpaka fundi wangu awe kwenye kiti pembeni yangu. Akasema fundi haoni. Nikamwambia kuona nitaona mimi, yeye atanieleza sababu ya kila kitu, na safari hii nitauliza. Kiti nimeshakiweka. Gari litakuja kukuchukua Alhamisi.

Mzee wa Mahakama, hapa nakuomba usome polepole na umshike mkono. Mtoto amezaliwa na kidevu cha marehemu, kile kilichogawanyika katikati. Nilipokiona nilikaa chini. Shemeji, njoo ukishike.

Shemeji yako,
Karani